Mawese Katika Tangi la Zuberi

Zuberi wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, alikuwa fundi hodari na mbishi wa kupindukia, na aliyemtaka kwa hilo la kwanza ilimbidi amvumilie kwa hilo la pili. Kibanda chake kilikuwa pale njia ya sokoni inapokata kuelekea ufukweni, mabati yenye kutu juu ya miti minne, na chini yake udongo mweusi ulioshiba mafuta kiasi kwamba kuku hawakudonoa hapo. Miaka ile ya hamsini pikipiki za Baraka zilihesabika kwa vidole. Kulikuwa na ya mapadri, za wafanyabiashara wachache, na ya karani mmoja aliyeipenda kuliko mke wake. Zote, zilipoanza kukohoa, zilisukumwa mpaka kwa Zuberi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakushika spana kwanza. Alimwambia mwenye pikipiki aipige teke iwake, kisha yeye akazunguka nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba la moshi na kufumba macho. Watu walicheka, wakasema anaibariki. Lakini kiganja kile, kilichoungua mara nyingi mpaka ngozi ikawa ngumu kama soli ya kiatu, kilimwambia mengi. Pumzi ikitoka dhaifu, ya kusukumana, bomba limeziba masizi. Ikitoka na nguvu lakini kwa kurukaruka, ugonjwa uko mbele, kwenye buji inayotoa cheche au kwenye kabureta. Baada ya kiganja ilifuata pua, na baada ya pua macho. Moshi mweusi, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Moshi wa buluu, mafuta ya kulainisha yamezidi. Moshi hakuna na injini inajikwaa, basi ina njaa.

"Pikipiki iko sawa na muntu," alipenda kuwaambia wateja. "Ikikatala kutembea, angaliya kwanza inapumua namna gani, tena inakula nini."

Maneno mazuri. Laiti angeyasikiliza mwenyewe.

Ufundi aliupata wakati wa vita ya Hitla, akiwa utingo wa malori yaliyopeleka chakula cha wachimba dhahabu upande wa Lulimba. Wakati huo mafuta ya ng'ambo yaliadimika, na tajiri wake akaamua kutia mawese katika malori, mawese haya haya ya michikichi tunayopikia sombe ya majani ya muhogo. Malori yakatembea. Zuberi, mwanagenzi bado, aliona kwa macho yake lori lililosheheni unga likipanda mlima kwa nguvu ya mafuta ya jikoni, na fahari iliyomwingia siku ile haikumtoka tena. Kitu kimoja hakukiona, kwa sababu haikuwa kazi yake. Kila alfajiri kulikuwa na mtu mwingine aliyeamka kabla ya wote, akawasha kuni na kuyapasha mawese yale joto kabla hayajaingia katika tangi. Zuberi alipoamka alikuta lori linanguruma tayari.

Mke wake, Saumu, alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Siti. Zuberi hakuoa tena, na watu wa Baraka walilizungumza jambo hilo mpaka wakachoka wenyewe. Alimlea mtoto katikati ya minyororo na matairi, akamsuka nywele vibaya, akampikia ugali wenye madonge. Siti alikua msichana mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Alipoolewa na Useni, fundi cherehani wa Fizi, kule juu milimani, baba yake alishinda siku nzima ya harusi akisugua buji moja kwa msasa. Buji yenyewe ilikuwa safi tangu asubuhi. Hakuna aliyemsemesha.

Pikipiki yake mwenyewe aliipata baada ya harusi ile, na kwa ajili ya harusi ile. Ilikuwa mabaki ya pikipiki ya Mbelgiji mmoja wa mambo ya kilimo aliyerudi kwao, imelala nyuma ya ghala, kuku wametagia chini ya tangi lake. Zuberi aliichukua vipande vipande, akaifufua. Ilikuwa ya ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini katika tangi moja. Kila alipopata nafasi alipanda nayo Fizi, akamwona mtoto wake, akanywa chai, akarudi. Mkwe wake Useni alimheshimu, na mama yake Useni, Bi Mwanahamisi, alimwekea kiti chake pembeni ya mlango. Ukimuuliza Zuberi wakati huo kama ana furaha, angekutukana kwa kumpotezea muda, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake.

Kisha, mwaka wa hamsini na tano, mafuta ya injini yakakosekana. Meli kutoka Albertville ilileta vitambaa, chumvi na majembe, lakini mafuta hapana. Wenye pikipiki wengine waliziegesha chini ya paa wakangoja. Zuberi alikwenda sokoni, akanunua mawese.

Walimwonya. Karani alimwonya, wavuvi walimwonya, hata kina mama wauzao mawese walimwuliza kama ana akili timamu. Aliwajibu wote jibu moja.

"Wakati ya vita tulitembeza malori na mawese. Malori! We ulikuwa wapi?"

Pikipiki ikatembea kweli, na ikipita, mtaa mzima ukanukia jikoni. Wanawake walichungulia nje kuona nani anakaanga ndizi saa zile. Haikuchukua muda ikapewa jina, Kikaango. "Kikaango inapita!" walipiga kelele sokoni. Zuberi alikasirika siku chache, kisha akalipenda jina, akawa analitumia mwenyewe.

Siku ya Idi Siti aliteremka Baraka katika lori la dereva mmoja, Fabien, tumbo lake limeshakuwa kubwa, akakaa na baba yake kibandani kama zamani. Alisikia ile harufu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba, unapikia nani?"

"Napikia barabara," akasema Zuberi.

"Lakini baba, ile mafuta kwetu Fizi inagandaka asubui. Tunaiwekaka kwanza karibu na moto, njo inatoka mu chupa."

"Injini si sufuria, mwanangu. Injini iko na moto yake ndani."

Siti hakubishana. Alimjua. Alipokuwa anaondoka alimshika baba yake mkono na kumwomba kitu kimoja tu, kwamba mtoto akizaliwa aje upesi, asingoje kutumiwa wazee wa kumletea habari. Alikuwa anaogopa, alisema. Mama yake alikuwa amekufa akizaa, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kichwani tangu mimba ilipoanza.

"Nitakuya," alisema Zuberi. "Nitakuya na Kikaango yangu, utanisikia toka mbali."

Baada ya Idi pikipiki ikaanza kuumwa. Kwanza ilipoteza nguvu. Kilima kidogo cha kutoka ufukweni kikawa kinaishinda. Kisha ikaanza kukohoa na kutoa moshi mzito uliong'ang'ania nguo. Zuberi aliweka kiganja nyuma, akafumba macho, akapata jibu palepale. Bomba limeziba. Alilifungua, akalitia katika moto wa makaa, na ndimi za moto zikatoka upande wa pili kama kwenye jiko la mhunzi. Lilipopoa aligongagonga kwa mpini wa nyundo, yakadondoka magamba ya masizi, meusi, ya kunata, kama yale ya chungu cha mtu mvivu. Akafungua na kabureta, akakuta ute wa manjano umejishika ndani. Akauosha kwa petroli, akasema ni uchafu wa pipa la mwenye duka. Mtu akishaamua mwizi ni nani haangalii tena nyayo.

Alipomaliza aliijaribu. Adhuhuri, jua la ziwani likiwaka juu ya milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba, alikimbia nayo kwenye tambarare ya ufukweni mpaka Lweba na kurudi bila kujikwaa hata mara moja. Akaisimamisha mbele ya kibanda, akapangusa jasho, akawatazama waliokuwa wanamwangalia. Uso wake ulisema yote.

Joto la Baraka lilimdanganya. Katika joto lile la mchana mawese hayagandi hata ukiyabembeleza.

Asubuhi ya siku iliyofuata Fabien alikuja kibandani. Huyu Fabien alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, mwenyeji wa Fizi, mtu mpole anayeanza mzaha kabla ya salamu. Siku hiyo hakuanza mzaha.

"Baba Siti," alisema, "Useni amenituma. Siti alizaa jana. Mutoto alitoka amekufa. Na yeye hana nguvu, damu haiishe. Bibi na infirmier wa dispensari banamuangaliya. Anakuita."

Zuberi aliweka spana chini, polepole, kana kwamba ingevunjika.

"Anasema?"

"Anasema. Lakini sauti iko chini sana, Baba. Mi napakia samaki, kisha tunapanda. Twende pamoja."

"Unapakia mpaka wakati gani?"

"Si sana."

"Nakujua, Fabien. Si sana yako inafikaka adhuhuri. Mi natangulia na pikipiki. We ukiwa unafunga kamba, mi nitakuwa nimeikala pembeni ya mutoto wangu."

Na tuseme haki, hapo hakukosea. Lori lilikuwa tupu bado, na wapakiaji walikuwa wanabishana na mwenye samaki. Mzazi gani angekaa kungoja? Zuberi alijaza petroli, akaongeza mawese, na kwa kuwa njia ilikuwa ya kupanda aliongeza zaidi ya kawaida, kama mama anayemjazia sahani mtoto anayesafiri. Alivaa koti, akasema bismillahi, akapiga teke. Kikaango ikawaka kwa teke la kwanza.

Mpaka mto Mutambala pikipiki ilikwenda kama haijawahi kuumwa. Zuberi alizungumza na Siti njia nzima, kwa sauti, akijua hakuna anayemsikia. Alimwambia avumilie. Alimwambia watoto wengine watakuja, na wasipokuja si kitu, yeye alikuwa na mmoja tu na alimtosha. Alimwambia mambo ambayo hajapata kumwambia uso kwa uso, maana ni rahisi zaidi kuyasema injini ikinguruma.

Kisha barabara ikaanza kupanda. Mawingu yalikuwa yameshuka chini milimani, na mvua nyembamba ya baridi, ile isiyo na kelele, ikamwingia shingoni. Kona ya kwanza pikipiki iliikata vizuri. Kwenye kona iliyofuata ilijikwaa. Ikakohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikazimika.

Hakutishika. Alishuka, akafanya kama alivyozoea. Alipiga teke, injini ikawaka kidogo, akakimbilia nyuma na kiganja chake. Pumzi ilikuwa na nguvu. Bomba lilikuwa wazi. Akafungua buji, akaigusisha kwenye chuma, akapiga teke tena. Cheche ikaruka, nyeupe, nzuri. Basi ni njaa. Alifungua kabureta, mvua ikimdondokea mgongoni, akatoa kile kijipande cha shaba chenye tundu dogo kama la sindano, ambacho mafundi wanakiita jikleri, na ambacho petroli yote hupitia ikielekea kwenye injini. Alikiinua kwenye mwanga. Hakikuonyesha mwanga. Kilikuwa kimezibwa na kitu cha manjano, laini, kama mafuta yaliyolala katika sufuria usiku kucha.

Alikipuliza kwa nguvu mpaka masikio yakamuuma, akatazama tena, na safari hii aliona mbingu kupitia tundu. Akacheka peke yake kwa furaha.

Hapo ndipo lori la Fabien, lililopakiwa upesi kuliko siku zote, lilipotokea kwenye kona.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Lori lingetokea mapema kidogo, lingemkuta hajui ugonjwa, angepanda. Lingechelewa kidogo, lingemkuta amekata tamaa, angepanda. Lilimkuta katika dakika ile moja ambayo fundi ameshaona kasoro na ameishika kati ya vidole vyake, na mtu wa namna ya Zuberi katika dakika hiyo humbandui hata kwa wito wa mfalme.

Fabien alisimamisha lori, akashuka, akaiacha injini inanguruma.

"Panda, Baba Siti. Mbele niko peke yangu."

"Nimeisha kuiona. Ni jikleri tu. Endelea, nitakupita mbele mulima haujaisha."

"Iache hapa. Hakuna mwenye kuiiba na hii mvua. Panda, twende."

"Fabien, nimekuambia ni jikleri. Nairudisha sasa hivi, inawaka."

Fabien akamshika mkono. Si jambo ambalo kijana anamfanyia mtu mzima, na wote wawili walilijua hilo.

"Baba, mi nilimuona Siti. We haujamuona. Nakuomba."

Zuberi aliutoa mkono wake. Hakuutoa kwa ukali, lakini aliutoa.

"Nilimuahidi nitakuya nayo," alisema. "Enda, umuambie niko nyuma yako."

Fabien alisimama kidogo, mvua ikimlowesha, kisha akapanda lori lake. Zuberi hakulitazama likiondoka. Alikuwa amejipinda juu ya kabureta akikaza skrubu, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Pikipiki iliwaka. Alikata kona moja, akakata na nyingine, akaanza kuyaona matairi ya lori yalivyoacha alama kwenye matope, na kwenye mteremko mdogo akaimba. Kisha ikajikwaa. Ikakohoa, ikazimika.

Akafungua tena. Jikleri ilikuwa safi. Lakini kikombe cha kabureta, kinachopaswa kujaa petroli, kilikuwa kikavu. Akaufuata mrija kwenda juu mpaka kwenye bomba la tangi, akalifungua, akaukuta wavu wake mdogo umefunikwa na utandu wa manjano. Akaufuta wavu kwa shati, akaurudisha, akaendelea hatua chache, ikazimika. Alifuta tena. Ikazimika tena. Mwishowe alifungua kifuniko cha tangi, akainamisha kichwa, akachungulia ndani. Chini kabisa, petroli ilikuwa imelala juu ya ukungu mzito wa manjano uliokuwa unacheza polepole kama uji. Alitumbukiza mkono, akautoa, akasugua vidole. Hakuna mtu wa Baraka asiyejua kile kitu kikiwa mkononi mwake.

Injini si sufuria. Alikumbuka alivyomjibu mtoto wake, akakumbuka na Siti alivyocheka. Na pale, miaka mingi baada ya vita, alijiuliza kwa mara ya kwanza ni nani aliyekuwa akiwasha kuni alfajiri karibu na malori, na kwa nini.

Hakukuwa na kuni kavu kwenye mlima ule, wala petroli safi, wala gari jingine. Alilikumbatia tangi kifuani kulipasha joto, mzee mzima amekumbatia chuma barabarani. Pikipiki ikaenda kidogo, ikafa. Alijaribu kuisukuma. Matope yalishika magurudumu, na kwenye kona moja akaanguka nayo. Hapo akaanza kulia, kwa sauti, na hakuona aibu. Kisha aliiacha imelala kwenye mfereji kama alivyoambiwa aiache tangu mwanzo, akaanza kukimbia. Alipochoka kukimbia alitembea, na alipochoka kutembea alikimbia.

Sala ya alasiri ilikuwa imeshapita alipoingia Fizi. Kwenye njia inayoshuka kutoka makaburini alikutana na kundi la wanaume wanarudi na majembe. Useni alikuwa katikati yao, kanzu yake imelowa, mikono yake ina udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Zuberi alisimama. Useni alimjia, akamkumbatia, na udongo ule ukabaki kwenye koti la mzee.

Nyumbani walimkalisha kwenye kiti kile kile pembeni ya mlango, wakamfunika kitenge kikavu. Bi Mwanahamisi alikuja akakaa chini karibu na miguu yake. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini alitaka kumwambia, na alimwambia yote, kwa sababu mzazi ana haki ya kujua.

"Alitufunga vinywa, Baba Siti. Alisema tunyamaze, anasikiliza pikipiki yako. Hata benye kulia tuliwatoa inje. Akasikia mutambo, akasema, njo huyu. Nikamuambia, hapana mwanangu, hii ni lori. Fabien akaingia. Siti akamuuliza, baba iko wapi? Akasema, nilimuacha ku njia, pikipiki yake imekufa, na lori yangu imejaa samaki, haikuwa na nafasi. Siti akasema, basi. Kama nafasi ingekuwa, baba angekuya. Akageukia ukuta. Hakusema tena, mpaka alituacha."

Alipangusa uso kwa upande wa khanga.

"Tulikungoya. Maalimu alisema maiti haiwezi kulala, tukamuomba atungoyee, akakubali. Tukaswali alasiri, tukakungoya tena kidogo. Mvua ikazidi. Utusamehe, Baba Siti."

Kisha sauti yake ikabadilika. Alinyoosha kidole kuelekea nje.

"Huyu njo sitamusamehe. Anaacha mukubwa mu mvua juu ya samaki! Angetupa mifuko mbili tu inje, Siti angeona baba yake."

Fabien alikuwa amesimama kwenye ua wa matete, peke yake, mvuani. Hakuna aliyemkaribisha chini ya paa, na hakuna aliyempa hata kikombe cha chai, ingawa alikuwa amechimba kaburi pamoja nao. Zuberi alimtazama. Fabien naye alimtazama, akatikisa kichwa kidogo, namna mtu anavyomwomba mwenzake aliache jambo lipite. Alikuwa tayari kuubeba uongo wake mpaka mwisho. Alimdanganya mwanamke anayekufa ili asijue kwamba baba yake aliletewa lori akachagua kabureta, na sasa aliacha watu wa mtaa wake wamtemee mate.

Zuberi aliinuka, kitenge kikaanguka.

"Mama Useni, musimulaumu huyu. Alisimamisha lori. Alishuka mu mvua, akanishika mukono, akaniomba. Mbele alikuwa peke yake. Mi njo nilikatala."

Bi Mwanahamisi alisimama kwa shida, akatoka mvuani, akamshika Fabien mkono na kumwingiza chini ya paa. Akamvulia shati lililolowa kama anavyomvulia mtoto. Useni alikuwa ameinamisha kichwa. Zuberi alingoja mtu amtukane, na kila walivyonyamaza ndivyo ilivyomuwia vigumu kusimama pale.

Mwishowe aliomba aonyeshwe kaburi. Useni alimpeleka mpaka makaburini, akamwonyesha kwa mkono, akarudi nyuma kidogo kumwacha peke yake. Udongo ulikuwa mbichi, na mvua ilikuwa imeanza kuuchimbachimba pembeni. Zuberi alisoma Fatiha, akakosea katikati, akaanza upya, akakosea tena. Aliacha kusoma. Alipiga magoti, akaviweka viganja vyake vyote viwili juu ya udongo, akainama mpaka uso wake ukakaribia kuugusa.

"Siti," alisema, "lori ilikuwa na nafasi."